Baso na Jiwe la Kisima cha Tuda

Mkitaka habari za watu waliotufumbulia mambo ya mbinguni, walimu watawatajia wengi: yule aliyepima dunia kwa kivuli cha fimbo, yule aliyesugua vioo mpaka akaona milima ya mwezi, wale waliofungwa mikanda ndani ya chombo wakarushwa juu kama jiwe la teo. Sawa. Siwabishii. Lakini kwetu Tafilalt, ukingoni mwa jangwa, ukitoka Risani ukashika njia ya kusini mpaka lami ichoke, yuko mtu aliyezileta mbingu kwa miguu yake na punda. Hamumjui kwa sababu mwenye kuweza kumwandika vizuri ni mimi, na mimi nilikuwa na shughuli zangu. Leo nimekaa. Tulieni.

Mtu mwenyewe ni shemeji yangu Baso, aliyemwoa dada yangu Tuda. Ni mfupi, na shingo yake imepinda kuelekea chini, maana kazi yake ni kuwinda vimondo, na kimondo kikishaanguka hakitafutwi juu. Ukimwuliza nyota fulani iko wapi atakujibu, "Iko huko. Ikianguka nitakuonyesha." Huamka, hufunga kilemba, huchukua fimbo yenye kipande cha sumaku nchani, halafu hutembea kwenye uwanda wa changarawe akigusagusa kila jiwe jeusi kama daktari anayepima wagonjwa. Jiwe likidaka sumaku, husimama, husema bismillahi, huinama.

Wale waliotembea mwezini walirudi na mawe yao ndani ya makasha yaliyofungwa, na dunia nzima ikawapigia makofi. Baso aliwahi kuokota kipande cha mwezi chenye ukubwa wa tini, akakitia mfuko uleule wa tende zake, akala tende njia nzima. Nasikia wataalamu ilibidi wakioshe sukari kwanza. Makofi hakupigiwa. Ila mawe yake yamekatwa, yametazamwa kwa darubini, yamewaambia watu wenye shahada mambo ambayo hawakuwa wakiyajua. Mimi nimeyabeba baadhi yake kwa mkono huu, kwa hiyo nami naidai sayansi shukrani kidogo.

Kabla ya mawe alikuwa na mbuzi. Walipooana, yeye na Tuda walipeleka hema lao kwenye bonde dogo lisilo na mti wala jina. Ukame ukaja ukakaza. Baso akataka warudi kwa baba yake, Tuda akakataa. Alisema chini ya bonde lile pana maji, amesikia harufu. Baso akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, akatupa sururu.

"Harufu unayosikia ni ya mbuzi," alimwambia.

"Basi toka shimoni uwafuate mbuzi wenzako," Tuda akasema. Akajifunga vazi kiunoni, akashuka mwenyewe.

Alipopandishwa juu kwa kamba, alikuwa amepakaa udongo mweupe mpaka kwenye kope, na ndoo yake ilikuwa na tope linalometameta. Akamtazama mumewe juu mpaka chini. "Kuanzia leo hapa ni Anu n Tuda," akasema, na kwa lugha yetu ya Kiberberi hicho ni kisima cha Tuda. "Ukitaka kunywa, uombe ruhusa."

Na Baso aliomba ruhusa miaka yote waliyoishi pale. Nimemsikia kwa masikio yangu nilipokwenda kuwatembelea: "Mwenye kisima, naomba maji ya kunawa." Naye Tuda bila kugeuka: "Umefanya kazi gani leo hata ustahili?" Ndivyo walivyopendana hao. Wengine huandikiana mashairi.

Mtoto hawakujaliwa. Kisima nacho kilikauka mwishowe, mbuzi wakaisha, wakahamia nyumba ya udongo pembeni mwa Risani. Ndipo wageni walipoanza kufika wakiulizia mawe meusi, na nusu ya wachungaji wasiokuwa na mifugo tukageuka wawindaji wa vimondo. Tuda alikuwa na jicho kali kuliko la mumewe. Walikuwa wakitembea sambamba, wakipigizana kelele kwa mbali, huyu akimwambia yule amepita jiwe.

Sasa niwaeleze adabu ya kazi yetu, bila hiyo hamtaelewa kitu. Mwindaji wa vimondo hasemi alikookota. Hasemi kwa mnunuzi, hasemi kwa ndugu, hasemi kwa imamu. Penye jiwe moja huenda yako mengine, na ukipataja leo, kesho pamejaa pikipiki. Kwa hiyo akikuambia kaskazini, jua siyo kaskazini. Akiona mtu anakuja akiwa mahali pake, hujificha nyuma ya kilima kama mwizi mpaka mtu apite. Baso alikuwa mwongo hodari kabisa wa kazi hii. Wa pili, baada yangu. Aliwahi kuulizwa alikopata jiwe fulani zuri, akajibu papo hapo, "Bonde la Mabruka." Mabruka ni punda wake.

Hasara yake ni hii: kimondo hupewa jina la mahali kilipookotwa. Kama mahali hapajulikani, hupewa namba tu, kama mfungwa. Na mawe yetu karibu yote ni ya namba. Hilo halikutusumbua hata siku moja. Jiwe litajali nini?

Kisha Tuda akafa, majira ya baridi, kifua. Tulimzika makaburini kwetu Risani, na makaburi yetu hayaandikwi kitu: jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Baso hakulia mbele za watu. Ila alianza kwenda peke yake mara kwa mara kwenye lile bonde la zamani, na nilipomwuliza anafuata nini alisema, "Naenda kuomba ruhusa." Sikumtania. 

Huko ndiko alikookota lile jiwe. Lilikuwa limekaa juu ya kifusi cha udongo mweupe ambao Tuda aliutoa shimoni, jeusi tii kama sufuria iliyoungua, kubwa kuliko ngumi yangu, na ngumi yangu si ya mtoto. Alikuja nalo limefungwa kwenye kitambaa.

"Kuna mengine?" nikamwuliza.

"Yapo lazima. Hili limevunjika upande mmoja, angalia. Wenzake wako palepale bondeni."

"Basi funga mdomo, tukayaokote yote mimi na wewe, shemeji, tule nyama mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka," akasema, akaliweka ndani ya mtungi wa shayiri.

Na lingebaki humo mpaka tuliuze, kama si Daktari Ghizlan. Huyu ni mama mmoja mtaalamu wa vimondo kutoka Kazablanka, mwenye viatu vya kutembea kweli na si vya mapambo, ambaye hufika kwetu kuzungumza na wawindaji siku za soko. Siku moja alitukusanya ukumbini, akatuonyesha picha za mawe yaliyokatwa, rangi rangi kama mazulia. Akatuomba, kama kawaida yake, tuache uongo wa mahali. Sote tukaitikia kwa heshima, na sote tulikuwa tunadanganya.

Baso akanyoosha mkono. Sijawahi kumwona akinyoosha mkono.

"Lalla Ghizlan," akasema, maana ndivyo tunavyomwita bibi wa heshima, "hilo jina la jiwe. Lazima liwe la mji?"

"Hapana, mzee wangu. Laweza kuwa la mlima, la bonde, la njia."

"La kisima?"

"Hata la kisima."

"Kilichokauka?"

"Hata kilichokauka. Mradi kina jina, na mimi nimefika nikapaona."

"Na likishaandikwa, hufutwa?"

"Halifutwi. Watu watakuwa wakilisoma hata sisi sote hapa tukiwa mchanga."

Baso akasimama. Alitoka nje bila kunywa chai, na Baso haachi chai. Nilipomfuata kwake nilimkuta anamwaga shayiri.

Alimpelekea jiwe lile kesho yake asubuhi, nami nikamfuata, maana penye hatari ya mtu kutoa siri lazima awepo mwenye akili. Ghizlan alilishika kwa mikono miwili. Alilizungusha, akalinusa, akatabasamu kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga. Akasema ganda lake halijaliwa na jua, ni la miaka michache tu, na ni la aina ambayo hajaishika mara nyingi. "Umelitoa wapi?"

"Anu n Tuda," Baso akasema.

Tabasamu likapungua. "Mzee Baso. Si wewe uliyenielekeza Bonde la Mabruka?"

"Mimi," Baso akasema polepole.

"Nililitafuta bonde hilo na gari na dereva mpaka maji yakatuishia. Nilipokuja kwako kuuliza vizuri, nikamkuta Mabruka amefungwa mlangoni, akaila kofia yangu."

"Alikuwa hajala," Baso akasema.

"Sasa nikuamini vipi? Kesho nitaambiwa Tuda ni kuku."

Hapo nikaona nimsaidie. "Daktari, mimi ni shahidi. Naapa kwa Mungu, kisima hicho kipo."

Akanigeukia. "Wewe? Wewe si ndiye uliyeniletea kipande cha breki ya lori ukaniambia kilianguka kikiwa bado cha moto?"

"Kilikuwa cha moto, Daktari. Lori lilikuwa limetoka mlimani."

Hakucheka. Kidogo tu, pembeni mwa mdomo. Kisha akamwambia Baso maneno ambayo yalimkaa: "Nipeleke. Nikipaona, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine ni hii: jina haliwezi kuwa la kichwani mwa mtu mmoja. Lazima watu wa huko wenyewe wapaite hivyo. La sivyo naandika namba."

Tulirudi nyumbani. Nilijua anawaza nini. Jina lile walikuwa nalo wawili, na mmoja yuko makaburini. Mimi wa tatu, na mimi ndiye wa breki.

"Shemeji," nikasema, "sikia akili ya kaka yako. Mpeleke kwenye kisima kingine chochote karibu na barabara. Mimi nitatangulia niwapange watu wangu pale, wote waseme Anu n Tuda. Jina linaandikwa, bonde linabaki siri, mawe tunaokota wenyewe. Nani kapoteza?"

"Hapana."

"Kisima ni kisima!"

"Akiandika kwenye shimo la mtu mwingine, atakuwa ameandika nini?" akasema. Akakaa kwenye gunia. "Nikimpeleka, watatufuata. Watapageuza pale kwa majembe. Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa naye."

"Basi usimpeleke."

"Na nikifa?"

Nikainuka, nikaenda kumwambia Ghizlan aandae gari. 

Tuliondoka asubuhi kwa gari la Ghizlan, Baso mbele akielekeza kwa kidole, mimi nyuma na vifaa. Hatukumaliza hata mji. Kwetu gari la mtaalamu likigeuka kusini na mwindaji amekaa mbele, habari hufika sokoni kabla ya vumbi kutulia. Nilitazama nyuma nikaona pikipiki, kisha pikipiki nyingine nyuma yake. Baso aliziona kwenye kioo. Kidole chake kikaendelea kuelekeza.

Bonde lilikuwa kama nilivyolikumbuka, dogo, limejikunja. Kisima kimezibwa kwa mawe bapa ili mbuzi wasitumbukie, na kando yake kile kifusi cheupe katikati ya weusi wote ule. Ghizlan alishuka, akapiga magoti, akatazama mahali jiwe lilipokuwa limekaa. Palikuwa na kishimo bado, saizi yake hasa. Akasimama, akapangusa magoti.

"Sasa jina," akasema.

Upande wa pili wa bonde kulikuwa na hema, na mwanamke mzee anachunga mbuzi wachache. Baso alipomwona, mguu wake mmoja ukarudi nyuma wenyewe.

"Unamjua?" Ghizlan akauliza.

"Namwona tangu mvua za mwaka jana. Sijasema naye." Aibu ilimpanda. "Akija huku, mimi hujificha nyuma ya kilima kile."

"Afadhali," Ghizlan akasema. "Basi nyamazeni wote wawili. Nitamwuliza mimi."

Mwanamke yule akaja kwetu na fimbo yake, mkavu, ana meno machache lakini anayaonyesha yote. Jina lake Heddu. Wakasalimiana na Ghizlan namna ndefu ya kwetu, wazima wa nyumbani, wazima wa hemani, wazima wa zizini.

"Mbuzi wazima," Heddu akasema, "isipokuwa yule wa pembe moja, mjinga tangu kuzaliwa."

"Nisaidie, mama. Mimi ni mgeni. Hapa tuliposimama panaitwaje?"

Nilikuwa nyuma ya Ghizlan. Nikafungua mdomo bila sauti: Tu-da. Nikachora kisima hewani. Nikaiga mwanamke anayevuta kamba, vizuri tu, mtu yeyote angeelewa.

Heddu akaninyooshea fimbo. "Kabla sijakujibu, mwanangu, huyo baba nyuma yako ana nini? Mbona anajinyonganyonga kama mbuzi aliyekula sabuni?"

"Ndivyo alivyo," Ghizlan akasema bila kugeuka. "Mwache. Panaitwaje?"

Baso alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono yote miwili. 

"Hapa?" Heddu akasema. "Hapa ni Anu n Tuda."

Ghizlan akasogea hatua moja karibu naye.

"Nani anapaita hivyo?" Ghizlan akauliza, taratibu, kama mtu anayebeba yai.

"Nani asiyepaita? Mama mkwe wangu alikuwa akituambia mimi na watoto tulipochoka: haya, tembeeni, tutapumzika Anu n Tuda. Kisima kilikuwa kimeshakauka, lakini hapa kuna kinga ya upepo. Wajukuu zangu wanapaita hivyo. Mbuzi ndio sijawauliza."

"Na Tuda mwenyewe ni nani?"

"Ah, hapo sijui. Wa zamani sana. Walii, nadhani. Mama mkwe alisema aligonga ardhi kwa kisigino, maji yakaruka."

Baso akatoa sauti, sikujua ni kicheko au nini. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na bado anacheka. "Kwa kisigino!" akasema. "Ilikuwa sururu! Sururu yangu! Na alinitukana kutwa nzima!"

Heddu akamkazia macho. "Wewe ndiye yule anayekimbilia nyuma ya kilima kila nikija."

"Ndiye."

"Nilidhani ni jini. Nimekusomea dua mwaka mzima."

Mwaka mzima, wasomaji wangu, wamekaa bonde moja, huyu anajificha na jina, yule analiita kila siku akirudisha mbuzi. Ndiyo kazi yetu hiyo, na ndivyo inavyotufanya. Angetoka nyuma ya kilima mara moja tu akasema salamu aleikum, angejua kwamba dada yangu alikuwa amemwambia kila aliyekuja kunywa ni maji ya nani.

Ghizlan alikuwa ameshatoa simu yake anaandika, pua ikiwa nyekundu. Jina lile lilipita, nawaambia mapema msije mkakaa na wasiwasi. Lilijadiliwa na watu wake huko wanakojadili, likaandikwa, na sasa kuna vijana katika nchi ambazo hazijawahi kuona mbuzi wetu wanaosema "Anu n Tuda" kwa matamshi ya ajabu, wakitazama ndani ya darubini. Lakini hilo lilikuja baadaye.

Siku ile pikipiki zilimwagika bondeni kama siafu. Wawindaji walishuka wakatawanyika, fimbo chini, vichwa chini, na haikupita muda, mmoja akapiga ukelele karibu na mwamba: amepata. Kisha mwingine.  Nikamshika Baso mkono.

"Shemeji, amka! Wanayamaliza!"

"Nenda wewe," akasema.

Alikuwa amekaa juu ya kifusi cheupe, fimbo ameilaza chini. Heddu alikuwa amechutama mbele yake, mikono magotini, kama mtu aliyefika harusini mapema na hataki kupoteza nafasi.

"Alikuwa mrefu?" Heddu alikuwa akimwuliza.

"Mfupi kuliko mimi."

"Haiwezekani."

"Haki ya Mungu. Na sauti yake ilifika mpaka kule kwenye mwamba."

"Na kweli aligawa maji bure?"

"Kwa wageni wote. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiomba."

Nilikwenda kutafuta, ndiyo, msinitazame hivyo, mtu ana familia. Lakini nilitafuta kwa karibu karibu, ili nisikie. Nilimsikia akieleza habari ya kamba, na ya udongo kwenye kope, bila kuongeza neno hata moja, mtu yule ambaye sijapata kumsikia akieleza habari yoyote bila kuongeza. Heddu akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea hemani kwake kwa nguvu zote:

"Wanangu! Njooni upesi! Kumbe Tuda ana mume, na yuko hapa!"

Na Baso, nilimwona, akaanza kukaza kilemba chake vizuri.